Ekari ya Wakuu wa Kaya

Jumamosi, 1 Machi 1975

Inatangazwa kwa wananchi wote, wakiwemo mende wa droo ninamotunza daftari hili, kwamba leo saa nne na dakika ishirini asubuhi, mbele ya mashahidi wawili na mbuzi mmoja, mimi Gaudens, karani wa masjala, mkazi wa mtaa wa Gerezani, mwenye umri wa miaka arobaini na minane, nimenunua jembe. Hakuna aliyejeruhiwa.

Muuzaji pale Kariakoo aliniuliza nataka la mpini mrefu au mfupi. Nikamwambia lolote linalomfaa mtu aliyesoma. Mektilda, mke wangu, alilipokea mlangoni, akalipima mkononi, akasema, "Baba Agnesi, hili ni la kuegemea, si la kulimia."

Sababu ya jembe ni kilimo cha kufa na kupona. Mvua zimetutupa miaka miwili, unga siku hizi ni ule wa njano kutoka ng'ambo, ambao watoto wameubatiza Yanga, na amri imeshuka kwamba kila shina la nyumba kumi lilime. Shina letu limepewa ekari mbili upande wa pili wa Magogoni, kule Kigamboni. Balozi wetu, Mzee Shomari, amezigawa leo mkutanoni. Ekari ya bondeni, karibu na kisima, ni ya wakuu wa kaya, na mavuno yake watagawana wao. Ile ya juu, ya mchanga, ilikosa mwenyewe, ndipo Bi Benedikta aliposimama akaiomba kwa ajili ya akina mama.

Bi Benedikta ni mjane wa kutoka Masasi. Anauza uji kwa mafundi wa gereji hapa mtaani, ana watoto watano na sauti moja inayowatosha wote. Katika orodha ya wakuu wa kaya hayumo. Jina la marehemu mumewe nililifuta mimi mwenyewe mwaka juzi, kwa rula, mstari ulionyooka vizuri. La kwake halikuandikwa. Kwa hiyo asipopata ekari ile ya juu, mwaka huu hana hindi.

Balozi alikuna kidevu. "Nawapa msimu mmoja. Mkivuna sawa na wakuu wa kaya, ekari ni yenu. Mkishindwa, inarudi kwa wakuu."

"Na wakuu wakishindwa?" akauliza Bi Benedikta.

Watu wakacheka, mkutano ukafungwa. Mimi nimechaguliwa katibu wa shamba kwa sababu nina kalamu mbili.

Jumapili, 2 Machi

Misa. Padri alihubiri juu ya kula kwa jasho la uso. Naona alikuwa ananitazama mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Trekta la wilaya limekuja, limelima ekari ya wakuu. Tulisimama kando tukalisifu kana kwamba sisi ndio tuliolitengeneza. Lilipogeuza kichwa kupanda juu kwa akina mama, dereva akazima. Dizeli imekwisha. Atarudi Jumatatu.

"Jumatatu ya mwezi gani?" Bi Benedikta akamwuliza.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua kubwa tangu juzi. Paa linavuja juu ya kitanda, upande wangu. Trekta halijarudi.

Jumamosi, 15 Machi

Tumepanda. Uwesu, muuza vipuri, ndiye aliyeshika kamba ya kunyoosha mistari, maana kushika kamba hakuchafui viatu. Alikuwa akinipigia kelele toka upande wa pili: "Mchaga! Huku hatungoji ndizi idondoke. Inama!" Nikamjibu kwamba mtu wa Rufiji asimfundishe mwenzake kuinama, yeye ambaye mto humletea rutuba mpaka mlangoni. Tulicheka sana. Kila mkuu wa kaya alikuja na mkewe, na wakati sisi tunacheka wao walikuwa wanachimba mashimo na kufukia mbegu. Saa saba wakamaliza, wakapanda juu kwenda kuanza kulima kwao kwa jembe la mkono.

Sikuona ajabu yoyote. Nilikuwa nimelala chini ya mkorosho.

Jumamosi, 22 Machi

Leo akina mama wamemaliza kupanda, wiki nzima nyuma yetu. Wamechanganya mahindi na kunde na maboga. Bwana shamba, kijana wa soksi nyeupe ndefu, aliwakemea. Fomu yake ina mstari mmoja tu, mahindi.

"Mwanangu," Bi Benedikta akamwambia, "fomu yako haili mboga. Mimi ninakula."

Akaandika mahindi.

Jumamosi, 29 Machi

Kesho Pasaka. Mbolea ya chumvichumvi imefika leo, mifuko tisa, nami nimeigawa kwa utaratibu ambao hata mkuu wangu wa masjala angeupigia muhuri. Kila mkuu wa kaya mfuko mmoja, nikamwita kwa jina, akatia sahihi.

Nilipofunga daftari Bi Benedikta akasogea. "Ndugu Katibu, na ya ekari ya juu?"

"Mbolea imekuja kwa orodha, dada yangu. Orodha ni ya wakuu wa kaya."

"Kwa hiyo mchanga wetu hauna mkuu."

Nikamweleza maana ya orodha. Nilieleza vizuri, kwa mifano. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia Pasaka njema.

Jumamosi, 12 Aprili

Palizi ya kwanza. Nina mafua. Mektilda amekwenda kuniwakilisha. Jioni nimejaza mahudhurio nikiwa kitandani, yeye akiosha miguu kwenye beseni.

"Uwesu alikuja?"

"Mkewe alikuja."

Kanuni ya Balozi inasema kaya ikiwakilishwa imehudhuria. Nimemtilia Uwesu alama ya vema. Nimejitilia na mimi.

Jumamosi, 19 Aprili

Mafua bado. Vema.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Nilikwenda kutazama gwaride, mguu wa kushoto nikaumia kwa kusimama. Vema.

Jumamosi, 3 Mei

Leo nilikwenda. Agnesi, binti yetu, ameanza kuuliza mbele ya wageni kama baba yake anaogopa pantoni ya kuvukia Kigamboni.

Nimeona kitu ambacho nakiandika hapa kwa sababu sijui nikiweke wapi. Pantoni ya saa kumi na mbili asubuhi ilijaa wanawake wa shina letu. Wanaume tulikuwa wawili, mimi na mzee mmoja ambaye kumbe alikuwa anakwenda msibani. Walianza bondeni, ekari ya wakuu, palizi ya tatu. Udongo ule ni mweusi, mahindi yananifikia kifuani, majani yana rangi ya kijani inayokaribia bluu. Nilipalilia mstari mmoja na robo. Nilipouliza mbona hawaanzi juu kwao kukiwa bado na ubaridi, Mektilda alisema bila kuinua mgongo: "Tukianza kwetu, nani atawajibu waume zetu jioni?"

Mpaka saa saba walikuwa bado bondeni. Halafu wakapanda juu, jua la utosi, kwenye palizi yao ya kwanza. Saa tisa na nusu wakaacha nusu haijaguswa, maana pantoni ya saa kumi haimngoji mtu na nyumbani kuna chungu.

Kilichonishangaza zaidi ni Bi Benedikta. Hana mume, hana alama, hana gunia hata moja linalomngoja bondeni, naye alikuwa anapalilia bondeni tangu asubuhi, tena kwa kasi kuliko wote.

"Dada, wewe unafanya nini huku?" nikamwuliza.

"Nawasaidia wamalize, Baba Agnesi. Mimi peke yangu kule juu nitafanya nini? Wakimaliza mapema na mimi napata watu mapema."

Nikamwambia ana moyo mzuri. Akanitazama.

"Si moyo. Ni hesabu."

Jumamosi, 10 Mei

Nimebaki nyumbani. Miguu. Vema.

Jumatano, 21 Mei

Mboga ya majani ya kunde tena, kwa nazi. Wiki ya tatu mfululizo, wala sijachoka. Foleni ya unga pale duka la ushirika ilifika mpaka kona. Mtu nyuma yangu alisema watu wa mjini wakilima vizuri foleni hii itakwisha. Nikamwambia mimi mwenyewe ni mkulima. Alitazama mikono yangu, kwa adabu akabadilisha mazungumzo.

Jumamosi, 31 Mei

Vema.

Jumamosi, 14 Juni

Vema. Maboga sasa. Bi Benedikta ametuletea moja kubwa, na kwa Uwesu moja, na kwa Balozi mawili.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba, siku ya wakulima. Uwesu alivaa kofia ya majani, akawaambia watu wote barabarani kwamba mahindi ya wakuu wa kaya yanaonekana toka Ikulu. "Ya akina mama," akasema, "ukitaka kuyaona piga magoti." Nilicheka, kisha nikakuta Mektilda yuko nyuma yangu, hacheki.

Jumamosi, 12 Julai

Mavuno. Siku ya leo pantoni iliinama upande mmoja kwa uzito wa wakuu wa kaya. Wote tisa tulikuwepo, na mashati ya kazi ambayo bado yalikuwa na mikunjo ya dukani.

Ekari ya wakuu, magunia tisa. Ekari ya akina mama, magunia sita.

Uwesu alipanda juu ya gunia. "Ndugu zangu, sina ubaya na mama zetu. Ila ardhi haidanganyi. Mwanamke ana kazi zake, na jembe lina watu wake."

Wakapiga makofi. Mzee Shomari akanivuta kando. "Katibu, andika ripoti. Tisa kwa sita. Sababu uandike wewe, unajua maneno. Jumapili ya wiki ijayo tunaisoma, na ekari inarudi."

Bi Benedikta alikuwa anafunga mdomo wa gunia lake kwa kamba ya mkonge. Gunia moja lisilojaa, fungu lake la mwaka mzima kwa watoto watano. Alifunga mara tatu fundo lile lile.

Jumatano, 16 Julai

Sijalala vizuri, na sababu ni kalamu. Nilikaa mezani nilipotoka kazini nikaandika "Mavuno hafifu ya akina mama yamesababishwa na," halafu ubongo ukagoma. Nikaona nifungue daftari la mahudhurio, huenda sababu imo humo. Kama walikuwa wavivu itaonekana.

Katika daftari hakuna mwanamke hata mmoja. Kuna wakuu wa kaya tisa, na safu za vema zinazopendeza kama shanga. Uwesu, Jumamosi kumi na tisa kati ya kumi na tisa. Gaudens, kumi na nane. Nilijisikia fahari kwa muda unaotosha kumeza mate.

"Mama Agnesi," nikaita, "hebu njoo. Mimi nilikwenda shamba mara ngapi?"

Alikuwa anachambua mchele. "Mara sita. Na ile ya mkorosho ukiihesabu."

"Hapa nina kumi na nane."

Alikuja akainama juu ya meza, akafuata safu yangu kwa kidole chenye vumbi la mchele. Nilitegemea atakasirika. Akacheka mpaka akaketi. "Huyu Gaudens wa humu ndani ni mchapakazi! Ningeolewa na huyu!"

Kisha tukaifanya kazi. Mimi nilitaja tarehe, yeye alikumbuka nani alikuwepo. Hakumbuki kwa tarehe, anakumbuka kwa mambo: siku mke wa Uwesu alipokanyaga msumari, siku mvua iliposhika pantoni katikati ya maji, siku walipokula mihogo ya Bi Benedikta kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake kabeba chakula. Tulimaliza chai ya buli zima. Vema mia na sitini nilizoandika kwa mkono wangu. Za wanaume waliokwenda kwa miguu yao, arobaini na moja. Zilizobaki mia moja na kumi na tisa ni za wake zetu, na hapo Bi Benedikta hajahesabiwa, kwa sababu hakuwa na mume wa kumwakilisha.

Kwa hiyo ile ekari ya wakuu wa kaya ililimwa na trekta na wanawake. Na ile ya wanawake ililimwa na wanawake hao hao, wakiwa wamechoka, kwenye mchanga, wiki moja baadaye, palizi moja badala ya tatu, bila punje ya mbolea. Wakatoa sita. Kunde, majani na maboga niliyokula mimi na Balozi na Uwesu tangu Mei hayamo popote, maana fomu ni ya mahindi.

"Sasa," Mektilda akasema, "wangepewa ile mbolea?"

Mifuko tisa, nami ndiye niliyeita majina. Nilikuwa nafikiria ile foleni ya unga, watu wamepanga mpaka kona, na magunia mawili au matatu ambayo mtaa ungeyapata zaidi kama karani mmoja angeuliza swali moja tu siku ya mkesha wa Pasaka.

Nimeandika ukurasa wa pili wa ripoti. Wa kwanza una tisa na sita.

Jumapili, 20 Julai

Mkutano umekwisha. Ekari imebaki kwa akina mama. Ripoti yangu imepokelewa vizuri.

Alhamisi, 24 Julai

Pale masjala nimeeleza habari hii mara tatu, na kila mara inakua. Leo mchana nimejisikia nikimwambia mhasibu kwamba niligonga meza. Hapakuwa na meza. Nimerudi nyumbani nikafungua daftari hili, nikaona Jumapili nimeandika sentensi tatu, kila moja ya kweli, na kwa pamoja ni uongo. Basi mambo yalikwenda hivi.

Tulikaa uani kwa Balozi, wanaume kwenye mabenchi, akina mama kwenye mikeka. Nilisimama nikasoma ukurasa wa kwanza. Tisa, sita. Makofi. Uwesu akapiga mluzi. Nikaugeuza ukurasa wa pili, nikaziona zile namba, na yangu ilikuwa ya kwanza kwa sababu orodha ni ya alfabeti na sisi hatuna mtu wa herufi ya mbele yangu. Nikaurudisha ukurasa wa kwanza juu. Mzee Shomari akasema, "Ahsante, Ndugu Katibu," nami nikaketi. Ndivyo ilivyokuwa. Niliketi, karatasi nikaikunja nikaitia mfukoni.

"Balozi," Mektilda akasema toka mkekani, "katibu hajamaliza. Ana ukurasa mwingine, mimi nilimshikia taa."

Nilisimama tena kwa kuwa jioni ningerudi nyumba moja naye. Nikasoma. Gaudens, alama kumi na nane, mwenyewe sita. Kicheko. Uwesu, kumi na tisa, mwenyewe nne. Kicheko kikubwa zaidi, isipokuwa kwa Uwesu, aliyesema mke na mume ni mwili mmoja. "Basi mwili huo mmoja una sugu upande mmoja tu," mkewe akajibu. Nikasoma trekta, nikasoma palizi. Mbolea nilisoma hivi: "Mbolea haikufika ekari ya juu." Niliandika "haikufika" kama vile ilipotea njiani. Bi Benedikta alinitazama nilipofika hapo, nami nikaendelea na mstari unaofuata.

Nilidhani sasa watatikisika. Hawakutikisika. Mzee Shomari alisema ripoti ni nzuri, ina kina, lakini ahadi ni ahadi, tulisema sawa na haikuwa sawa, ekari irudi. Wanaume wote wakanyoosha mikono. Wangu niliuinua nusu, kiasi cha kuweza kusema baadaye kwamba nilikuwa najikuna.

Ndipo Bi Benedikta akasimama. Safari hii sauti hakuipandisha.

"Balozi, tumekubali. Chukueni. Chukueni zote mbili, ya juu na ya bondeni, ni zenu. Sisi tutawapikia mkirudi. Jumamosi hii hakuna mwanamke wa shina hili atakayepanda pantoni."

Akawageukia wenzake mkekani. "Nimesema vibaya?"

"Hujasema vibaya," akasema mke wa Uwesu. Mektilda alikuwa tayari anakunja mkeka.

Nilimwona Uwesu anatazama viganja vyake. Ekari mbili, palizi tatu tatu, wanaume tisa, mmoja ana shinikizo la damu, mmoja mzee, na mmoja ni mimi. Nadhani kila benchi lilifanya hesabu ile ile kwa wakati mmoja. Ni Uwesu mwenyewe aliyesimama, akasafisha koo, akasema katika kujenga taifa si vizuri kuwavunja moyo akina mama, na yeye binafsi anaona msimu mmoja hautoshi kumjua mkulima. Mikono ile ile tisa ikanyooka tena, upande wa pili.

"Basi kila mtu na ekari yake," akasema Bi Benedikta. "Wanaume bondeni, sisi juu. Na jina langu liandikwe."

Nililiandika pale pale. Kwa hiyo ripoti haikuokoa kitu. Ekari iliokolewa na woga wa palizi, na nami niliogopa kama wenzangu.

Leo jioni nilikwenda anapouzia uji nikamwambia kwamba mbolea haikupotea njiani. Niliigawa mimi, na ningeweza kuuliza. Alinimiminia kikombe.

"Nilijua, Baba Agnesi. Nilikuwa nangoja kuona itakuchukua miezi mingapi."

Jumamosi, 26 Julai

Kung'oa mabua na kutifua udongo kwa ajili ya vuli. Wakuu wa kaya tulifika watano. Uwesu alikuja, na viatu amebadilisha. Kufikia saa tano nilikuwa nimefanya mistari minne na malengelenge mawili.

Akina mama walianza kwao asubuhi na ubaridi wake, kumi pamoja. Saa nne na nusu walikuwa wamemaliza. Wakaketi kule juu, wakala, tukawasikia wanavyocheka.

Na nikisema kweli, tangu saa tano mpaka pantoni ya kurudi, kila niliponyoosha mgongo nilitazama juu, nikingoja Mektilda ashike jembe lake ateremke bondeni. Aliniona nikitazama. Alinipungia mkono, akaendelea kula.